Mama Akushezi na Siku Wifi Ilipopotea

Mwanamke ninayetaka kumweleza hapa aliwapokea karibu watoto wote wa mtaa wetu, avenue yetu, walipozaliwa, lakini hakupenda kubeba mtoto. Ukikutana naye sokoni au mbele ya kanisa, ukamnyooshea mtoto wako mchanga ili amshike kidogo, alirudisha mikono nyuma ya mgongo na kumtazama mtoto kwa mbali, kama fundi anayetazama ukuta aliokwisha kuujenga. Kisha alikugeukia wewe mama.

"Weye unalala?" aliuliza. "Unakula? Damu ilikwisha?"

Tulimwita Mama Akushezi, kwa kazi yake ya ukunga. Jina lake la ubatizo lilikuwa kwenye karatasi za hospitali, na sikumbuki kumsikia mtu yeyote akilitamka. Ukoo wake na mahali alipozaliwa sikuwahi kuuliza. Nilipopata akili nilimkuta yuko pale tayari, jirani yetu wa upande wa juu, katika zile nyumba za matofali ambazo zamani zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi hapa Likasi. Yeye ndiye aliyenipokea mimi, na baadaye akawapokea watoto wangu. Miaka yote hiyo naweza kusema nilikuwa jirani yake. Kama nilikuwa rafiki yake, sijui.

Alivaa viatu vyeupe vya kitambaa. Alivifua kila Jumamosi na kuvianika juu ya ukuta, vidole vikielekea jua. Katika mji wetu, ambako vumbi jekundu linaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa, kuvaa viatu vyeupe ni kujitafutia ugomvi na mji mzima. Yeye aliupigana kila juma. Alitembea haraka, akiwa ameinama kidogo mbele, na watu walimpisha njia bila kuombwa, kwa sababu hakuna aliyejua kama anakwenda kununua chumvi au kuna mwanamke mahali anamngoja.

Kwenye kazi yake alikuwa mtu mwingine. Yeye ambaye barabarani alijibu salamu kwa kichwa tu, kitandani kwa mwanamke mwenye uchungu alikuwa na maneno mengi, na maneno mazuri. Alichukia sana wale mashangazi wanaokuja kumwambia msichana anyamaze asijiaibishe. Aliwatoa nje. "Lia," alimwambia msichana. "Lia kabisa. Hapa hakuna muntu ya kukuchekelea." Mimi nililia hivyo mara zote, kwa ruhusa yake, na yeye alinishika kiuno akaitikia kila kilio changu kama anayejibu hadithi: ndiyo, njo vile, ninakusikia.

Kwa wanaume hakuwa na huruma kubwa. Baba mmoja wa avenue yetu, dereva wa malori, alifika siku moja amelewa, mke wake yuko ndani kwenye uchungu, naye anapiga kelele mlangoni akitaka kuingia. Mama Akushezi alimtokea na ufagio mkononi. Sisi tuliokuwa nje tulidhani atampiga. Alimkabidhi.

"Fagia kiwanja," alimwambia. "Ukimaliza, rudilia."

Yule baba alifagia kiwanja chote, akarudilia, akarudilia tena, mpaka alipomsikia mtoto wake analia. Siku hizi akisimulia habari hiyo kwenye bia, anasema hajawahi kuona dawa ya pombe inayofanya kazi upesi namna ile.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo sikuyaelewa. Watu walimletea shukrani, samaki wakavu wa ziwa Tshangalele wakiwa wamefungwa kwenye majani, kuku, mihogo. Alipokea, akashukuru, na kabla ya jioni vyote vilikuwa vimegawanywa kwa majirani. Lakini ukimwalika kwenye karamu ya ubatizo wa mtoto aliyempokea mwenyewe, hakuja. Au alikuja, akasimama mlangoni, akamsalimia mama, akaondoka bila kuonja hata soda. Nyumbani kwake alisonga bukari, ugali wetu, katika sufuria kubwa, ya watu wengi, ingawa alikuwa akila peke yake. Niliwahi kumshauri anunue ndogo, asichoke na mwiko.

"Sufuria ndogo ni ya mugonjwa," alijibu. Bukari iliyobaki alimpelekea mlinzi wa shule asubuhi.

Alikuwa amepata watoto wawili, msichana na mvulana. Baba yao alikufa zamani. Msichana aliolewa Kolwezi, na huko Kolwezi akafa akijifungua, yeye pamoja na mtoto. Siku hiyo mama yake alikuwa kwenye zamu hapa Likasi, anampokea mtoto wa mtu mwingine. Habari ilimfikia mlangoni mwa chumba cha kuzalia. Wale waliokuwapo wanasema alirudi ndani, akamaliza kumsafisha yule mama, akamfunika vizuri, akanawa mikono, ndipo akatoka kutafuta gari la Kolwezi. Msibani hakulia. Yeye ambaye aliwaamuru wanawake wote walie, alikaa kwenye mkeka akiwa na macho makavu, akawauliza waliokuja kama wamekula.

Hakusema kamwe ni nani aliyekuwa akijifungua mikononi mwake siku ile. Sisi wanawake wa avenue tuliozaa majira yale hatukumuuliza, na hatukuulizana. Mtoto wangu wa pili ni wa majira yale. Nakumbuka nilimtazama amelala, nikaanza kuhesabu siku, kisha nikaacha. Nadhani wengine nao walianza wakaacha.

Akabaki na mvulana, Fiston. Fiston alisoma vizuri, akapata nafasi ya kusoma Uswidi, akapata kazi huko, akamwoa Rachel, msichana wa Bukavu aliyekulia huko huko Uswidi. Mara ya mwisho alipokuja Likasi alimletea mama yake laptop, akaweka na modem ya wifi dirishani mahali mtandao unaposhika vizuri, akamfundisha kubonyeza mahali pa kumpigia. Alitaka sana mama yake aende kukaa nao. Karatasi za safari alikuwa tayari kuzishughulikia.

"Ninaenda kufanya nini kwa baridi ile?" mama alisema. "Minye niko na kazi huku."

Wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu. Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa kufua viatu.

Basi wakawa wanaonana Jumapili, kwa laptop. Nilizoea kumwona kwa dirisha lake nikitoka kanisani. Alivaa kitenge cha sikukuu, akafunga kilemba, akaketi mbele ya kioo mapema kabla ya saa ya kupigiwa, mikono juu ya magoti, kama mtu aliye kwa daktari. Fiston alipotokea, alizungumza naye kwa sauti kubwa, kwa kuwa Uswidi ni mbali. Wakimaliza aliifunika laptop kwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Mchana uliobaki hakuonekana nje.

Rachel alipopata mimba, Fiston alimwita mama yake tena, akamsihi. Safari hii mama hakutaja baridi. Alisema tu: hapana. Lakini alikubali kitu kimoja. Siku ya kuzaa, Fiston ataweka simu pembeni ya kitanda, na yeye atakuwa kwenye laptop toka mwanzo mpaka mwisho, aongee na Rachel kwa Kiswahili, Rachel amsikie. Hospitali ya kule walikubali. Kwa wiki nyingi Rachel alikuwa akimwambia Fiston kwamba anataka sauti ya mama, maana mama yake mwenyewe alikufa zamani.

Mimi nina kibanda cha fotokopi na kuchapa karatasi, karibu na soko. Mchana mmoja, mvua imetoka kunyesha, nilimwona Mama Akushezi anakuja katikati ya matope. Alikuwa amevaa kandambili za ndani. Miaka yote ile sikuwa nimewahi kuona vidole vyake vya miguu barabarani.

"Mama Gloire," aliniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, "ordinatere inakataa."

"Laptop inakataa namna gani, Mama?"

"Haishike wifi. Jana ilikuwa muzuri. Leo nimewasha, inasema hakuna konekisyo. Na Rachel iko ku hospitali tangu asubui."

Nilifunga kibanda, wateja wawili wakiwa bado wanangoja. Tulipanda kwenda kwake. Alikuwa anapumua kwa nguvu, na mimi nilikuwa nimeanza kuogopa. Ninachojua kuhusu kompyuta ni kile kinachonisaidia kuchapa karatasi na kurudisha mashine inapokwama. Mimi si fundi.

Nyumbani kwake niliangalia modem kwanza. Taa zake zilikuwa zinawaka zote kama kawaida. Nikatoa simu yangu, ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka na nusu ya chini imekuwa nyeusi tii, nikaiunga na wifi ile. Ikashika mara moja. Basi nikajua mtandao upo, laptop ndiyo yenye ugonjwa.

"Mama, tupige kwa simu yangu," nikasema.

Akaichukua, akaitazama ile nusu iliyobaki.

"Hapa nitaona nini? Nitaona kichwa bila miguu?" Akanirudishia. Kisha akasema polepole, "Kama ile ingine inakataa kabisa, tutafanya na hii. Lakini jaribu kwanza."

Nilimwandikia Fiston kwamba laptop imegoma na ninaitengeneza. Alijibu hapo hapo: *Fanya upesi, wanasema iko karibu, Rachel anauliza Mama.*

Nikaizima laptop na kuiwasha upya. Pale pembeni chini, mahali pa alama ya wifi, hapakuwa na kitu. Nikatafuta kitufe chenye picha ya ndege, kile kinachokata mawasiliano yote mtu akikigusa bila kujua, nikakibonyeza mara moja, nikakirudia. Bure. Nikaingia mahali pa kupangia mambo ya mtandao. Mstari wa wifi ulikuwa umepotea kabisa, kana kwamba laptop ile haikuwahi kuwa na wifi tangu itoke kiwandani. Nikaiambia ijichunguze yenyewe. Ikazungusha kiduara chake, ikazungusha, ikaniambia haikuona tatizo.

"Jana uliifanya nini, Mama?"

"Hakuna. Mangaribi kura ilikatika, ikarudia. Ikaanza kuandika ngojea, ngojea, usizime. Nilingojea. Kura ikakatika tena. Nikaifunga nikaenda kulala."

Basi umeme ulikatika laptop ikiwa inajirekebisha, na haikumaliza. Nikaingia ndani zaidi, mahali pa orodha ya viungo vya mashine, nikaona jina la kile kiungo cha wifi, na pembeni yake kialama cha njano. Nikakizima, nikajaribu kukiwasha. Kikakataa. Nikakiondoa, nikawasha laptop upya ili ikitafute yenyewe. Haikukitafuta. Nikakumbuka waya wa mtandao niliokuwa nao kibandani, wa kutoka kwenye modem moja kwa moja, lakini nilipoigeuza laptop pande zote, haikuwa na tundu la waya ule. Nikarudi mwanzo. Nilibonyeza hapa, nikabonyeza pale, nikafungua mambo niliyokwisha kuyafungua. Jasho lilikuwa linanitoka.

Mama Akushezi alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliweka mkono juu ya mkono wangu.

"Weye unasukuma na saa haiyafika," akasema. "Acha kwanza. Pumua."

Nikapumua. Nikaitazama laptop, na ndipo nikakumbuka kwamba kuna siku mashine moja ya kibandani ilikataa kuona printa, na kaka mmoja anayejua mambo haya aliniambia niinyime umeme kabisa, ili kile kilichoganda ndani yake kitoke. Nikachomoa waya wa umeme. Nikageuza laptop, nikatoa betri. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia hivyo hivyo, kidole kikaanza kuuma.

"Na sasa?" akauliza.

"Sasa tuiache kidogo, Mama."

Akavuta kiti, akaketi kando yangu. Betri ilikuwa mezani kati yetu. Nje watoto walikuwa wanapita kwenye matope wakitoka shule. Sijawahi kukaa karibu naye namna ile isipokuwa nikiwa nimelala na yeye amesimama.

"Fiston anafikiri ninaogopa baridi," akasema.

Nikaisogeza betri mbali na ukingo wa meza.

"Nilifika Kolwezi nikakuta wamemufunika. Bibi mumoja wa pale, jirani yake, akaniambia: mutoto yako alikuita sana. Akarudilia: alikuita sana." Alinyoosha kitambaa cha laptop juu ya magoti yake. "Kama ningeenda kule Ulaya, na Rachel akaniita, na niko pale, na mambo ikaharibika mu mikono yangu. Ningefanya nini? Huku niko mbali. Muntu iko mbali hawezi kuua muntu."

"Mama, weye hukuua muntu."

"Sikuua. Sikuwa pale." Akanitazama. "Na leo tena siko pale, na kamashini haka kananisaidia kukimbia."

Hapo nilielewa kwamba alikuwa anaiogopa laptop kuliko nilivyoiogopa mimi. Alikuwa amekimbia, kisha akajuta kukimbia, na njia pekee ya kurudi ilikuwa kile kialama kidogo kilichopotea pembeni ya kioo.

Nikarudisha betri, nikachomeka umeme, nikawasha. Ilichukua muda wake. Alama zikaanza kujitokeza moja moja pale chini, na ya mwisho ilikuwa ile ya wifi, na msalaba mwekundu juu yake. Kisha msalaba ukafutika.

"Imeshika," nikasema.

Hakusema asante. Alikuwa amekwisha kuvuta laptop upande wake.

Fiston alitokea akiwa amesimama kwenye chumba cheupe. Alikuwa na mtoto mkononi, amefungwa kwenye taulo. Mtoto alikuwa amezaliwa, si zamani, labda tulipokuwa tumekaa tunaitazama betri. Uso wa Fiston haukuwa wa mtu aliyepata mtoto.

"Rachel iko wapi?" mama yake akauliza.

"Bamemubeba, Mama. Damu haiishe. Bamemupeleka chumba ingine, bamefunga mulango. Banasema ningoje."

Nilimwona Mama Akushezi anashika ukingo wa meza. Nilidhani atafunga laptop. Alisogeza uso karibu na kioo.

"Fiston. Sikia. Bale banajua kazi yao. Weye kaa chini."

"Mama, kama..."

"Kaa chini. Umekaa? Fungua shimizi. Tosha taulo. Muweke mutoto hapa, ku kifua, ngozi na ngozi. Kichwa chake upande. Funika mugongo yake. Voilà. Sasa mumefanana, hakuna muntu iko peke yake."

Fiston alifungua shati, akaondoa taulo, akafanya vile. Mtoto alikuwa analia kwa sauti ndogo yenye hasira. Kidogo kidogo mtoto akanyamaza. Fiston ndiye akaanza.

"Lia," mama yake akamwambia. "Lia kabisa. Minye niko hapa. Sizime."

Hakuzima. Waliongea kidogo sana. Mara nyingine alimuuliza Fiston midomo ya mtoto ina rangi gani, mara nyingine yeye alimtazama tu mwanawe, mwanawe akautazama mlango. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya dirisha karibu na modem, naziangalia taa zake kana kwamba nikiziacha zitazimika. Mvua ikanyesha tena, ikakatika. Mlango wa kule ukafunguliwa, mtu akasema maneno ambayo hatukuyaelewa, na Fiston akainuka na kuitikia kwa kichwa mara nyingi.

"Bameisimamisha, Mama. Damu imesimama. Nitaenda kumuona."

"Nenda na simu."

Baadaye kidogo, kwenye kioo, ulitokea uso wa Rachel, wa kijivu, midomo imekauka. Alifungua macho.

"Mama," akasema. "Nilikuita."

"Najua," Mama Akushezi akamjibu. "Nimechelewa. Umelala? Umekunywa maji?"

Alipomaliza kuongea nao aliifunika laptop kwa kitambaa chake. Akaenda jikoni, akaweka ile sufuria kubwa motoni, akaniambia nikae, nile. Tulikula bukari na samaki. Ile ndiyo mara ya pekee niliyowahi kumwona akila.

Ningependa kusema kwamba baada ya siku ile alibadilika. Hakubadilika sana. Viatu viliendelea kuanikwa ukutani. Jumapili aliketi mbele ya laptop na kitenge cha sikukuu, na sasa kulikuwa na mtoto wa kutazama. Lakini mtoto alikua, akaanza kuwa na shughuli zake. Akiwekwa mbele ya kioo alitazama kidogo, bibi yake akamsalimia, naye akateremka akaenda zake akisema maneno ya kule.

"Haniogope," aliniambia siku moja ukutani. "Hanijue tu."

Fiston alirudi kumwomba aende. Alijibu kwamba ana kazi. Mazungumzo yakawa mafupi, na baadhi ya Jumapili nilipita nikaona laptop imefunikwa na yeye ameketi mbele yake vile vile. Niliingia mara moja nikadhani wifi imepotea tena. Nikafunua, nikaangalia, ilikuwa inashika vizuri.

"Haina kitu," akasema. "Wamepata kazi leo. Funika."

Kisha akahama. Hakuaga avenue. Tulisikia kwamba amekwenda Kapolowe, kwa binti ya dada yake anayelima upande wa misioni, na kwamba laptop ameiacha shuleni kwa mlinzi, awape walimu. Kule Kapolowe alipokaa mtandao ni wa kupanda kilima. Fiston akawa anampigia kwa simu ya kawaida ya kubonyeza, na video za mtoto akawa anazituma kwangu, kwenye simu yangu mpya, akiniomba nikipita kule nimwonyeshe mama.

Nilikwenda siku moja ya kiangazi. Nilimkuta ameketi kwenye kiti nje, ukutani, upande wa kivuli. Binti alikuwa shambani. Alikuwa amekonda. Nilipomsalimia aligeuza kichwa kwanza upande ambao sikuwepo, kisha akanipata kwa sauti.

"Mama Gloire. Weye unalala?"

"Ninalala, Mama. Nimekuletea mutoto. Fiston ametuma video."

Nikamfungulia, nikamwekea simu mkononi. Aliileta karibu na uso, akaisogeza mbali, akaigeuza kuelekea mwanga. Sauti ya mtoto ilikuwa inatoka. Akanirudishia simu.

"Angaria weye," akasema. "Uniambie."

"Mama, macho?"

"Ilianza kitambo. Sasa naona paka mwanga, mwanga tu."

"Fiston anajua?"

"Akijua atakuja kunitwaa. Ataacha kazi, ataacha Rachel na mutoto, ku mambo ya macho tu. Usimwambie." Akanigeukia. "Niko namwambia naona mutoto vizuri. Basi uniambie, nisikuwe muongo."

Nikaketi chini, miguuni pake, nikairudisha video mwanzo.

"Iko muzuri sana, Mama."

"Sikukuuliza kama iko muzuri. Batoto bote banakuwaka bazuri. Anatembea aje?"

Nikatazama vizuri zaidi.

"Anatembea na mikono juu. Ametoka ku kiti."

"Miguu inapanuka?"

"Kidogo."

"Kisigino kinagusa chini?"

"Kinagusa."

"Muzuri. Na sasa?"

"Anakuja mbele. Kuna muntu anamushikia simu, simuone. Anamuita."

"Ni sauti ya Rachel. Endelea."

"Anakuja. Anacheka. Ameangalia kando... ameanguka."

Tulisikia wote kishindo kidogo, kisha kimya.

"Ameanguka mbele ao nyuma?"

"Mbele, Mama. Na mikono."

"Analia?"

"Haiyalia."

"Nani amemuinua?"

Video ilikuwa imefika mwisho. Nilirudisha nyuma kidogo nikatazama tena, pengine kuna mkono niliokosa kuuona. Hapakuwa na mkono. Ningeweza kumwambia kwamba Rachel alimwinua, maana bila shaka alimwinua. Nikamwambia vile nilivyoona.

"Imeisha pale, Mama. Mutoto iko chini bado."

Aliweka mikono juu ya magoti, uso umeelekea barabara asiyoiona.

"Basi," akasema, "tungojee ingine."